Tone Moja kwa Bahasha

Krrr. Krrr. Krrr.

Nilikuwa kwenye banda la sabuni nyuma ya nyumba, nakata miche kwa waya, na sauti ile ikanifikia kupitia kuta mbili. Kucha juu ya mbao. Kisha kishindo, kisha kitu cha chuma kikaanguka sakafuni, kisha mama akasema "Aa!" mara moja tu, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Nilikimbia na waya wangu mkononi. Mama alikuwa wima, mgongo ukutani, vidole vimeng'ang'ania kizingiti cha dirisha. Fremu yake ya kutembelea ilikuwa imelala ubavu katikati ya sebule. Mlangoni, mbwa wetu Bahasha alikuwa anaparua mbao kama mchimba kisima aliyeona unyevu. Na ng'ambo ya ukuta, kwa jirani, ile mashine ya kukata chuma ilikuwa inapiga kelele kama inachinjwa.

"Sijaanguka," mama alisema kabla sijauliza. "Amepita katikati ya miguu yangu tu. Usimwambie kaka yako."

Kaka aliambiwa. Mlango wenyewe ulimwambia: alipokuja jioni aliona mikwaruzo mipya, akaona damu kidogo kwenye kucha za mbwa, akamtazama mama, na mama hajui kusema uongo kwa uso.

Kaka yangu ni dereva wa lori. Ana sauti ya kuongea juu ya injini hata injini ikiwa imezimwa.

"Mama, nyonga moja umeshavunja. Unataka ya pili ili zilingane?"

"Mwanangu, mbwa ana hofu. Hana ubaya."

"Sijasema ana ubaya. Nasema ana miguu minne na anakimbia nayo yote katikati ya yako miwili." Akashusha pumzi. "Kuna mwenzangu ana shamba. Pana, kimya, hakuna fundi. Jumamosi ya tatu kuanzia hii napita na lori, namchukua."

Mama alitazama miguu yake.

Nami nilijua anachotazama. Tangu atoke hospitali, mtaalamu wa mazoezi alimwagiza atembee hadi getini na kurudi, mara sita kwa siku, la sivyo mguu utakakamaa na kiti kitakuwa ndiyo nyumba yake. Nikimwambia mimi, ananijibu "baadaye." Kaka akimwambia, "kesho." Lakini Bahasha hasemi. Anasimama mlangoni, kifua chake cha kahawia chenye pembetatu nyeupe kama mfuniko wa bahasha kimeelekezwa kwa mama, anatazama, na mama anajikuta ameshika fremu. Mara sita. Siku nyingine saba. Mbwa yule akiondoka, mama atakaa. Hilo ndilo lililokuwa hatarini, na kaka hakuliona kwa sababu haishi nasi.

"Hatakwenda," nilisema. "Nitamtuliza mimi."

"Kwa kitu gani? Kwa mashairi yako?"

"Kwa harufu."

Kaka alicheka mpaka akashika mlango. "Pua bwana! Basi una wiki tatu. Mbwa akitulia, nitamwomba radhi kwa mdomo wangu."

Pua ndilo jina nililopewa mtaani, na nilikuwa najivunia. Banda la sabuni ni la shangazi, dada yake baba, nami ndiye ninayechanganya manukato yake. Nifunge macho, niwekee chupa kumi mbele yangu, nitakutajia zote. Mteja mmoja alikuwa amenieleza kwamba mafuta ya lavenda hutuliza mbwa. Nikajiambia: kama kuna mtu mji huu mzima aliyezaliwa kwa kazi hii, ni mimi.

Sasa, kuna sheria ya banda letu ambayo shangazi alinifundisha siku ya kwanza: sabuni hula harufu. Magadi ni makali; ukitaka mteja anuse lavenda, tia kiasi unachotaka, halafu ongeza theluthi, kwa sababu magadi yatakula sehemu yake kabla sabuni haijakauka. Miaka minne nimekuwa nikiongeza theluthi. Mkono wangu huongeza wenyewe, kama vile mguu unavyojua ngazi za nyumbani.

Asubuhi nilimvua Bahasha ukosi, mkanda wake wa shingoni, nikadondosha matone kumi ya lavenda, safi, bila kuchanganya na kitu. Nikanusa. Sikusikia kitu cha maana. Nilikuwa nimetoka kukoroga pipa la mdalasini. Nikaongeza theluthi. Nikanusa tena, nikaongeza mengine mawili kwa heshima ya mbwa. Nikamvalisha.

Alipiga chafya saba mfululizo. Akaanza kutokwa na udenda, akasugua uso mchangani, macho mekundu, akizunguka na kuzunguka kana kwamba anajaribu kuikimbia shingo yake. Mama alikuwa anapiga kelele dirishani. Shangazi alitoka bandani, akautoa ukosi, akautupa mbali, akamburuta mbwa hadi bombani na kumwosha shingo kwa sabuni yetu isiyo na harufu.

"Umeweka matone mangapi?"

"Kumi. Na theluthi."

Aliacha kuosha akanitazama. "Theluthi ya nini, wewe? Mbwa huyu ni mche wa sabuni? Ana magadi?"

Mchana uleule nilimpeleka Bahasha zahanati.

Daktari wa wanyama ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha unyamaze ili uisikie. Zahanati yake ni vyumba viwili na benchi moja refu. Alimpima Bahasha macho, mapigo, masikio, kucha, akampaka dawa shingoni palipokuwa pamevimba. Kisha akasema, "Nipe mkono wako." Nilimpa. Akaunusa kwa mbali akarudi nyuma.

"Karafuu, mdalasini, na nini hiki, mnanaa?"

"Nafanya kazi ya sabuni."

"Basi simama kule kwenye kona, tafadhali. Mgonjwa wangu anakuogopa."

Nilisimama kwenye kona kama mtoto aliyechelewa shule. Damu ilikuwa inanichemka, lakini ni kweli: nilipokuwa karibu, Bahasha aligeuza kichwa. Nilipokwenda mbali, akalegea.

"Mafuta hayo ni makali mno yakiwa safi," daktari alisema. "Usimpake kwenye ngozi, wala manyoya, wala ukosi. Usitie kwenye maji yake ya kunywa. Karafuu, mdalasini na mnanaa usimkaribie nayo kabisa. Lavenda, ndiyo, kidogo. Tone moja kwenye kitambaa, kitambaa ukitundike mbali na anapolala. Dakika kumi, unakitoa. Na mlango uwe wazi. Akitaka kuondoka, aondoke; akiondoka, amekujibu."

"Tone moja nani atalisikia?"

"Yeye. Kwako ni mnong'ono, kwake ni tarumbeta." Alikuwa anafunga chupa ya dawa. "Wala usidhani harufu ni dawa ya hofu. Ni kama mto wa kulalia. Hakuna anayepata usingizi kwa sababu ya mto, ila mto ukiwa mbaya hulali. Mbona hukuja kuuliza kwanza?"

"Nilidhani najua."

"Kudhani huko ndiko kunakonijazia lile benchi pale nje." Alitabasamu. "Na sikiliza, la muhimu zaidi, muanzishie akiwa ametulia..."

Lakini mimi nilikuwa nimeshashika kitasa. Nilikuwa nimepata tone langu moja, nimepata na aibu ya kunitosha mwezi mzima, na nilitaka kutoka mbele ya macho yale. "Nimeelewa, daktari. Asante." Nikaondoka.

Basi nikafanya, kwa umakini wa mtu aliyeumbuka. Nilivua aproni, nikanawa hadi viwikoni kwa sabuni isiyo na harufu. Tone moja. Kitambaa kwenye msumari karibu na dirisha. Mlango wazi. Kila mashine ya jirani ilipoanza kupiga kelele, mimi huyo na kitambaa changu, mbio, kama zimamoto. Siku ya kwanza Bahasha aliparua. Siku ya pili aliparua. Siku ya tatu nilimwambia mama kwamba ameparua kidogo kuliko jana; mama alisema "inshallah," kwa sauti ile wanayoitumia wazazi kukubali jambo wasiloliamini.

Siku ya sita nilitaka kubadilisha kitambaa. Ilikuwa mchana, saa saba, kwa jirani kimya kabisa, watu wote wamekwenda kula. Bahasha alikuwa amelala chali miguuni pa mama, tumbo juu, mdomo wazi, raha tupu. Nilifungua chupa. Nikadondosha tone.

Alijipindua kabla sijafika kwenye msumari. Masikio nyuma, mkia tumboni, anatetemeka kuanzia mabegani. Akaenda mlangoni, na ingawa mlango ulikuwa wazi, akaparua mbao za pembeni yake. Krrr. Krrr. Hakukuwa na sauti yoyote duniani isipokuwa hiyo.

Nilikaa sakafuni. 

"Amesikia nini?" mama aliuliza.

"Amenisikia mimi, mama."

Siku tano nilikuwa nimemletea harufu ile pamoja na kelele. Mbwa si mjinga. Alikuwa amejumlisha: lavenda ikifika, chuma kinakuja. Nilidhani nimemtengenezea mto, kumbe nimemtengenezea king'ora, na king'ora chenyewe nilikuwa nakipiga kwa mikono iliyonawa vizuri.

Nilirudi bandani. Shangazi aliniona akaacha mwiko ndani ya pipa, kitu asichokifanya hata mvua ikiingia.

"Nimeharibu," nilimwambia. "Daktari alitaka kuniambia jambo, nikamkatiza. Bado siku kumi na mbili."

"Basi rudi ukaambiwe."

"Atanicheka."

"Acha akucheke. Mficha uchi hazai, Pua. Au unataka mama yako akae kwenye kiti kile mpaka kiote mizizi, kwa sababu wewe una pua nzuri?"

Daktari hakucheka. Hilo liliniuma zaidi. Alisikiliza yote, akasema lavenda kwa Bahasha basi tena, imeshachafuka, nitafute harufu nyingine asiyoijua. Kamomili, yale maua ya chai ya kulalia, kwa mfano. Tone lilelile moja, mbali, mlango wazi, lakini saa ya utulivu tu, saa ya kulala mchana, mama akiwa karibu. Siku nne au tano bila kelele yoyote. "Aijue kama harufu ya usingizi kwanza. Ndipo uilete sauti. Sauti nayo kidogo, kutoka mbali, si mashine nzima mbavuni. Huyo fundi jirani mnaelewana?"

Nilikohoa.

"Kikohozi hicho kinasema nini?"

Kilikuwa kinasema kwamba mwezi uliopita nilikuwa nimeandika kwa chaki, kwenye geti lake la chuma jipya kabisa, herufi kubwa:

*Fundi wa chuma jirani, kelele zako ni nyingi,*
*Wachoma vyuma mbavuni, na masikio ya wengi.*

Wanamwita Fundi Cheche. Ni mpana kama mlango wa gereji, na kovu dogo la moto kwenye kidevu. Nilipoingia uani kwake aliinua miwani yake ya kazi, akawageukia wenzake wawili, akaweka mkono kifuani na kughani ubeti wangu wote, kwa mahadhi, bila kukosea hata silabi. Wenzake wakapiga makofi.

"Karibu, malenga," alisema. "Nimekuwa nikikungoja. Mistari miwili tu? Shairi lako halina miguu ya nyuma, linatambaa. Miwili mingine iko wapi?"

Nilikuwa na majibu matatu, yote makali, yote yenye vina. Niliyameza moja baada ya jingine.

"Fundi, nimekuja kuomba."

"Kuomba?" Aliwatazama wenzake. "Mnasikia? Geti langu linaombwa radhi."

"Geti linaombwa radhi, na wewe pia. Lakini ombi langu ni jingine." Nikamweleza. Mbwa, kucha, fremu ya mama, Jumamosi, lori la kaka. Nikamweleza hata habari ya theluthi, ingawa sikuwa na haja. Nilipofika hapo wenzake walicheka, yeye hakucheka.

"Yule mama anayetembea na mbwa hadi getini?"

"Ndiye."

"Kumbe ndiyo maana." Alikuna kidevu kwenye kovu. "Mimi namwona kila asubuhi. Nilidhani anamtembeza mbwa. Kumbe mbwa anamtembeza yeye." Akavua glavu. "Sasa, kazi siwezi kusimamisha, nina madirisha ya shule nzima. Lakini saa saba hadi saa nane hatuwashi kitu. Na hiyo sauti ndogo unayoitaka, nikiiwasha mashine kule mwisho wa ua, bila kugusisha chuma, inanguruma tu kama paka. Itakufaa?"

"Itanifaa sana."

"Sema lini. Ila lifute hilo shairi kwa mkono wako. Au limalize. Nusu nusu ndiyo inayoniudhi."

Nililifuta.

Siku zilizofuata nisiseme zilikuwa za miujiza. Saa saba navua aproni, nanawa, nadondosha tone la kamomili kwenye kitambaa kipya, natundika upande wa pili wa sebule. Shangazi alikuwa anakuja kunisimamia. Alinishika mkono siku ya kwanza, kwa sababu mkono ulikuwa unataka kuongeza. Bahasha alinusa hewa, akatoka nje. Akaendelea kukaa nje. Nilimwacha. Siku ya pili alisimama kizingitini, nusu ndani nusu nje, kama mgeni asiyejua kama chakula kimeiva. Siku ya tatu aliingia akalala miguuni pa mama, na mama akalala naye, kidevu kifuani, na mimi nikakaa kati ya watu wawili wanaokoroma, nimebana pumzi kwa furaha.

Siku ya sita nilimpungia Fundi Cheche mkono juu ya ukuta. Kule mbali mashine ikanguruma. Bahasha alifungua jicho moja. Mashine ikazimwa. Jicho likafungwa.

Kesho yake ilinguruma zaidi kidogo. Aliinuka, akatembea hadi mlangoni, akatazama, akarudi. Siku iliyofuata Fundi alijisahau, akagusisha chuma, na Bahasha akaparua mlango mara tatu, nikarudi nyuma siku mbili nzima, nikaanza upya kutoka mwisho wa ua, na Fundi akapiga kelele juu ya ukuta: "Kosa langu, malenga! Mwambie mbwa samahani!"

Jumamosi kaka alikuja saa nne asubuhi. Alikuja na kamba mpya, na blanketi la kumtandikia Bahasha kwenye lori, na hilo blanketi likanivunja nguvu, kwa sababu lilionyesha amefikiria. Ilikuwa vigumu kumchukia.

"Haya," alisema. "Nionyeshe."

Saa nne si saa saba. Kwa jirani walikuwa kazini kwa nguvu zao zote, na sikutaka kumwomba Fundi apunguze. Kaka angesema nimepanga. Kitambaa kilikuwa mahali pake. Mlango ulikuwa wazi. Nilirudi nyuma nikasimama mbali, bila kumsaidia mtu.

Chuma kikalia.

Bahasha alisimama. Alitetemeka, hilo sitalificha, lilionekana mabegani. Akaenda mlangoni, na kaka akaikunja kamba mkononi. Bahasha akatazama nje, akapiga mwayo mkubwa, ule mwayo wa mbwa anayejishauri. Kisha akageuka. Akapita pembeni mwa kiti cha mama, pembeni kabisa, si katikati, akalala chini huku kifua kinapanda na kushuka haraka haraka. Kelele ikaendelea. Pumzi zikapungua, taratibu, taratibu.

"Bado anatetemeka," kaka alisema, lakini kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua anayo.

"Hata mimi natetemeka nikisimama," mama alisema. "Hujanitafutia shamba." Akaegemea mbele, akashika fremu. "Bahasha. Twende."

Mbwa akainuka. Mama akainuka. Kelele ya chuma ikiwa juu ya vichwa vyao walitoka, fremu, mguu, mguu, mbwa ubavuni, mpaka getini, na tukamsikia Fundi Cheche kule ng'ambo akizima mashine na kuita, "Shikamoo, mama!" na mama akijibu "Marahaba" kama malkia anayepita.

Kaka alikaa kwenye kiti cha mama. Aliweka kamba mapajani.

"Niliahidi kumwomba huyu mbwa radhi," alisema. "Nitamwomba. Lakini wewe nakujua, mdogo wangu. Unawaka kama kiberiti, halafu unazima. Mwezi ujao utakuwa na jambo jingine. Siku utakayochoka, mama atakuwa peke yake na huyo mbwa na hiyo mashine."

Zamani ningewaka palepale. Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa safi, haina harufu, na bado sikuwa na hakika kwamba inajua kitu.

"Basi nikuahidi."

"Usiniahidi mimi. Mimi naendesha lori. Mwahidi yeye."

Mama alikuwa anarudi, ameinamia fremu, jasho kwenye paji la uso, Bahasha mbele yake hatua moja akimngoja kila hatua. Nilitoka nikakutana nao katikati ya njia.

"Mama," nilisema, kwa sauti ya kutosha kaka asikie na Fundi asikie, "kila siku saa saba nitakuwa hapa. Tone moja tu, na mlango wazi. Na siku nisiyojua la kufanya, nakuahidi, sitakisia. Nitakwenda kuuliza."